Daftari la Vigae

Kwa miaka 31 nilikuwa karani wa mizigo katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Ni kazi ya kupima na kuandika. Lori linakuja tupu, linapanda mizani. Linarudi na magunia ya kahawa au chai, linapanda tena. Ukitoa uzito wa kwanza katika ule wa pili, unapata uzito wa mali. Kisha unaandika mali ni ya nani, imetoka wapi, nani ameipima na siku gani, unatia sahihi. Tarakimu moja ikikosewa, meli inaweza kusubiri. Mzee wa Kibokoni aliyenifundisha kazi hiyo alitukumbusha methali moja karibu kila asubuhi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nilistaafu nikiamini kwamba kazi yetu haina historia. Niliona historia ni ya wafalme, vita na majumba makubwa, na kwamba karatasi za uzani zikishalipiwa hufungwa kwenye makasha zikawa chakula cha mchwa. Binti yangu anafanya kazi Roma, akanialika nikae naye mwezi mmoja. Wiki ya kwanza alinitembeza kwenye makanisa na magofu. Wiki ya pili akaniambia, "Baba, leo nakupeleka jalalani. Nadhani utapapenda kuliko kote tulikokwenda."

Tulishuka kwenye treni ya chini ya ardhi kituo cha Piramide, tukapita kaburi la tajiri mmoja wa zamani, Cestius, lililojengwa kwa umbo la piramidi, tukaingia mtaa wa Testaccio. Mbele yetu kulikuwa na kilima chenye nyasi, vichaka na msalaba juu yake. Kwa mbali ni kilima kama vilima vingine. Ukikaribia, unaona kwamba ardhi ina kingo na mikunjo, na hatua zako zinalia kama mtu anayekanyaga vyungu. Kilima chote ni vigae. Kimo chake ni kama mita 35, mzunguko wake unakaribia kilomita moja, na kutoka chini hadi kileleni kimejaa mitungi iliyovunjwa. Makadirio yanayotajwa sana ni mitungi milioni 53. Hata jina la mtaa limetoka hapo, maana kigae kwa Kilatini ni testa.

Mitungi hiyo ilileta mafuta ya zeituni. Roma ya karne ya 2 ilikuwa na watu wapatao milioni moja, na mafuta yalikuwa kila mahali katika maisha yao: kwenye chakula, kwenye taa, na bafuni, ambako mtu alijipaka mwili mzima kisha akajikwangua uchafu kwa chuma kilichopinda. Jiji halikuweza kujitosheleza kwa mashamba yaliyolizunguka. Kama asilimia 80 ya mitungi ya kilima hiki imetoka Baetica, jimbo la kusini mwa Hispania ambalo leo ni Andalusia. Mingi ya iliyobaki imetoka Afrika, katika nchi ambazo leo ni Libya na Tunisia.

Mtungi wa Baetica ni wa mviringo kama boga kubwa, una shingo fupi na mikono miwili minene. Ukiwa mtupu ulikuwa na uzito wa karibu kilo 30, na ulibeba mafuta ya kilo 70. Jumla ni kilo 100 kwa mtungi mmoja. Mtu aliyewahi kuona hamali akipanda ubao wa jahazi na gunia mgongoni anazijua kilo 100 ni nini. Mitungi ilishushwa kwa mashua katika mto ambao leo unaitwa Guadalquivir, ikapakiwa kwenye meli, ikavuka bahari hadi mlango wa Mto Tiber, ikahamishiwa vyombo vya mtoni vilivyovutwa kwa kamba hadi kwenye gati za Roma. Gati hizo zilikuwa karibu kabisa na mahali tuliposimama. Hapo mafuta yalimiminwa kwenye vyombo vingine, na mtungi ukawa hauna kazi tena. Udongo ulikuwa umenyonya mafuta, na mafuta yaliyochacha ndani ya udongo hayaoshiki yakaisha.

Nilitazamia kuona taka zilizomwagwa ovyo. Sivyo ilivyo. Waliochimba hapo wamekuta kuta za kuzuia, zilizopangwa kwa mitungi iliyojazwa vigae vya mitungi mingine. Nyuma ya ukuta palijazwa vigae mpaka pakasawazika, kisha ukuta mwingine ukaanzwa juu yake, ngazi kwa ngazi. Walinyunyizia chokaa kuzima harufu ya mafuta yaliyooza. Inaaminika kwamba wanyama walipandisha mitungi ikiwa mizima, nayo ikavunjwa juu. Jalala hili lilikuwa na msimamizi, na msimamizi huyo aliijua kazi yake.

Mwongozaji wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya ualimu, alitukataza kuokota chochote. Akainama akatuonyesha mkono wa mtungi uliolala kando ya njia. Juu yake kulikuwa na herufi chache, zimepigwa kwa muhuri udongo ukiwa bado mbichi. Ni alama ya mahali mtungi ulipofinyangwa, akasema. Nilichuchumaa nikautazama kwa muda. Pembeni mwa herufi udongo ulikuwa umefura kidogo, kama unavyofura unga ukibonyezwa kwa kidole. Mtu alibonyeza muhuri ule kwa mkono wake, akauweka mtungi kuanikwa, akachukua mwingine.

Kisha akafungua picha kubwa ya mtungi mzima, akaanza kueleza maandishi ya wino yaliyo juu yake. Mjerumani Heinrich Dressel ndiye aliyeanza kuyachunguza kwa makini mwaka 1872. Tangu mwaka 1989 timu ya Wahispania iliyoanzishwa na José María Blázquez na José Remesal imechimba kilimani humo na kusoma maandishi mengine mengi. Kabla ya Dressel watu walikikanyaga kilima hiki kwa karne nyingi bila kujua kwamba wanakanyaga maktaba.

Karibu na shingo kuna tarakimu: uzito wa mtungi mtupu, kwa ratili za Kirumi. Chini yake kuna jina la mfanyabiashara aliyesafirisha. Chini ya jina kuna tarakimu ya pili, uzito wa mafuta, na hesabu ya kawaida ni kama ratili 216. Pembeni, karibu na mkono, kuna mistari ya mwandiko wa haraka uliolala upande. Hiyo ni hati ya ukaguzi: mji uliopimia, kama vile Hispalis ambao leo ni Seville, au Corduba, au Astigi, uzito ukirudiwa kuthibitishwa, majina ya waliohusika, na mwaka, ukitajwa kwa majina ya makonsuli wawili waliotawala mwaka huo.

Nilimwomba arudie, naye akarudia kidole kikiwa juu ya picha. Uzito wa chombo kitupu. Uzito wa mali. Mwenye mali. Mahali ilipopimwa. Aliyepima. Mwaka. Mistari ile ile niliyoijaza kwa miaka 31, kwa mpangilio unaokaribia kuwa ule ule. Binti yangu aliniona nimenyamaza akauliza, "Baba, umechoka?" Nikamwambia sijachoka, nimekutana na mwenzangu wa kazi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafikiria maandishi hayo, na nadhani yanaeleza dola ya Roma vizuri kuliko matao ya ushindi yanayopigwa picha na watalii. Tao linasema mfalme alishinda. Mtungi unaeleza jinsi watu milioni moja walivyokula, na kwamba hawakula kwa ushindi wa siku moja. Walikula kwa sababu mfinyanzi alitoa mtungi uliofanana na wa jana, mpimaji hakuongeza wala kupunguza ratili, nahodha alifika, na karani wa Roma aliweza kulinganisha alichopokea na kilichoandikwa Hispalis. Watu wawili ambao hawakupata kuonana waliaminiana kwa sababu ya mstari mmoja wa wino.

Kwa kuwa mwaka umeandikwa, vigae vinaonyesha pia mabadiliko ya utawala. Septimius Severus alitawala tangu mwaka 193 hadi 211. Alikuwa Mwafrika kwa kuzaliwa, mtu wa Leptis Magna katika Libya ya leo. Mwaka 197 alimshinda mpinzani wake Clodius Albinus, akawanyang'anya mali wengi waliomuunga mkono, wakiwemo wa Hispania. Katika mitungi ya enzi yake, mahali palipoandikwa majina ya wafanyabiashara panaanza kuonekana jina la mfalme na wanawe. Biashara ya watu binafsi imeingia mkononi mwa dola. Waandishi wa kale wanasema mfalme huyo aliamuru wakazi wa Roma wagawiwe mafuta bure. Kitabu kinatupa habari ya ukarimu. Kigae kinatuonyesha mafuta hayo yalipita katika jina la nani. Mtu anayetaka kuielewa habari hiyo yote inambidi asome vyote viwili.

Jioni hiyo tulikula kwenye mkahawa mmoja ulio ubavuni mwa kilima. Kwa karne nyingi watu wa Roma wamechimba maghala ndani ya kilima hiki, maana hewa hupita kati ya vigae na ndani hubaki baridi hata wakati wa kiangazi, mahali pazuri pa kuwekea mvinyo. Ukuta wa nyuma wa mkahawa ule ni wa kioo, na nyuma ya kioo unaona vigae vimelaliana tabaka juu ya tabaka, vimemulikwa kwa taa. Mhudumu aliweka mezani mkate na kisahani cha mafuta ya zeituni. Nilichovya mkate nikitazama ukuta ule.

Siku zilizofuata nilizunguka makumbusho nikitafuta vitu vidogo. Nilisimama sana mbele ya taa. Taa ya Kirumi ni kopo dogo la udongo linaloenea kiganjani, lina tundu la kutilia mafuta na pua ya kutokezea utambi. Nyingine zimepigwa muhuri chini, na muhuri unaojulikana zaidi ni FORTIS, jina la kiwanda cha Modena, kaskazini mwa Italia. Taa zenye jina hilo zimefukuliwa pembe nyingi za dola, na nyingi ni za kuiga, zilizotengenezwa mbali na Modena na watu waliojua kwamba jina linauza. Nilimkumbuka bibi yangu na koroboi yake ya bati, na jinsi alivyotukataza kuiacha ikiwaka bure. Mama wa Kirumi wa zamani hizo, naye akihesabu mafuta yake, bila shaka aliwakataza wanawe hivyo hivyo.

Na lugha yetu imebeba kitu kutoka huko. Neno kandili tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wagiriki, nao Wagiriki kwa Warumi, waliosema candela. Fulusi imepita njia hiyo hiyo kutoka follis, sarafu ya Kirumi ya shaba. Dinari ni denarius. Hata ratili, kipimo walichotumia wazee wetu kupimia sukari na samli, imetoka kwenye litra ya Kigiriki, ndugu wa libra ya Kirumi. Libra ndicho kipimo kilichoandikwa kwenye mitungi ya Testaccio. Bibi alipomtuma mtu dukani akanunue nusu ratili ya sukari, alikuwa akitamka neno lililopita bandari nyingi kabla ya kumfikia.

Kwenye lango la Porta Maggiore kuna kaburi ambalo kila karani anastahili kuliona. Ni la Marcus Vergilius Eurysaces, mwokaji mikate, lililojengwa karibu mwaka 30 KK. Lilikuwa limefunikwa na ujenzi wa baadaye, likafunuliwa mwaka 1838. Maandishi yake yanamtaja kuwa mwokaji na mkandarasi, na wengi wanaamini kwamba alikuwa mtumwa aliyeachiwa huru, maana hakumtaja baba yake kama walivyofanya waliozaliwa huru. Alipopata mali hakuchonga vita wala miungu juu ya kaburi lake. Alichonga kazi. Ukizunguka kaburi unaona nafaka ikipokelewa, punda wakizungusha mawe ya kusagia, unga ukichekechwa, watu wakikanda, wengine wamejipanga mezani wakifinyanga maboflo, mmoja anaingiza mikate tanuuni. Mwisho kuna mizani kubwa, na vikapu vya mikate vinapimwa mbele ya wakubwa. Eurysaces alitaka aliyepita njiani ajue kwamba mkate wake ulipimwa na uzito ulitimia. Nimeona makaburi ya wafalme, lakini sijaona lenye heshima kuliko hilo.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Katika makumbusho yaliyo kwenye Bafu za Diocletian, karibu na kituo kikuu cha treni, kuna pete ya chuma ya kuvalishwa shingoni, imening'inizwa kibati cha shaba nyeusi. Ni ya karne ya 4 au ya 5. Kibati kina maandishi yanayosema kama mtu anayezungumza: nimetoroka, nikamate, ukinirudisha kwa bwana wangu Zoninus utapewa solidus. Solidus ilikuwa sarafu ya dhahabu.

Pete yenyewe ni nyembamba, na upana wake ni wa shingo ya kawaida, shingo kama yangu. Mimi ni mtu wa pwani. Nimesimama Mkunazini, Unguja, mbele ya sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shingoni, na sikuhitaji kuelezwa nilichokuwa nikikitazama Roma. Kilichoniumiza zaidi ni uandishi wake. Ni hati ya mali, imekamilika: jina la mwenye mali lipo, malipo ya atakayerudisha yapo. Jina la mtu aliyeivaa halipo. Mkono uliojua kuandika uzito wa mafuta kwa uaminifu ulijua pia kumwandika binadamu kama mtungi. Na katika mitungi ile milioni 53, huenda mingi ilibebwa na watu wa aina hiyo. Maandishi ya wino yanamtaja mfanyabiashara na mpimaji, mbebaji hatajwi. Tunamjua kwa ukubwa wa kilima tu, kwa sababu lazima mtu aliinua kila kigae kilichomo.

Nilipokuwa narudi nyumbani, ndani ya ndege, niliiwaza pwani yetu. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeishi chini ya dola ya Roma na aliyeandika Kigiriki, alitunga kitabu cha mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, kinachojulikana kama Periplus. Humo anataja bandari za pwani ya Afrika Mashariki, na ya mwisho anaiita Rhapta, jina linalotokana na mashua za kushonwa alizozisema, za jamaa ya mitepe yetu. Anaorodhesha vilivyotoka: pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya kasa. Anaorodhesha vilivyoingia: mikuki, mashoka madogo, visu, na vyombo vya kioo. Anasema manahodha wa Kiarabu waliokuja huku waliijua lugha ya wenyeji na walioana nao.

Kwa hiyo pembe ya ndovu iliyochongwa ikawa kitana cha bibi wa Kirumi huenda ilipimwa kwanza ufukweni kwetu. Palikuwa na mtu aliyeiinua, mtu aliyeikadiria uzito, mtu aliyesema bei. Majina yao hatuna hata moja. Tunayo orodha ya mgeni, kurasa chache, aliyepita akaandika alichokihitaji yeye. Wafinyanzi wa Baetica tunawajua kwa mihuri yao, wapimaji wa Hispalis tunawajua kwa mwandiko wao, na watu wa Rhapta tunawasikia kwa kinywa cha mnunuzi.

Hilo ndilo lililonirudisha chumbani kwangu, kwenye sanduku nililolisukuma chini ya kitanda siku niliyostaafu. Nilikuta madaftari 14 ya rasimu zangu: namba za malori, majina ya mahamali wa zamu, uzito wa magunia, siku mvua iliposimamisha kazi. Mchwa walikuwa wameshakula pembe ya moja. Nimeyatoa, nimeyaanika kivulini, nimeyafunga kwa kitambaa kikavu, na mjukuu wangu ananisaidia kuandika kando ya kila ukurasa majina kamili ya watu ambao mimi niliwaandika kwa herufi mbili tu. Mahamali nimeanza nao, maana wao ndio waliokuwa wakisahaulika.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna daftari la duka la babu, kitabu cha madeni cha shangazi aliyeuza samaki, stakabadhi za jahazi, orodha ya waliochanga harusi, usilichome kwa kuwa ni la zamani na halina thamani. Mitungi ya Testaccio nayo ilitupwa kwa kuonekana haina kazi tena. Kaa na mzee aliyeliandika angali hai, umuulize kila jina ni la nani, uandike jibu lake. Kisha liweke mahali pakavu.